Kumi Tu: Nozeli Nilizomfungia Ma Stella

Kwa miezi minne nilitembea Buganguzi kifua mbele kwa sababu injini niliyoitengeneza ilikuwa inazaa oili. Narudia, msije mkadhani kalamu imeteleza: inazaa. Injini za watu wengine zinakula oili, kila wiki unaongeza. Hii yangu, ukichomoa kijiti cha kupimia, oili imepanda kuliko wiki iliyopita. Nikawaambia watu nje ya kanisa baada ya misa. Nikamwambia na mke wangu, ambaye hajui injini wala hataki kuijua. Akaniuliza, "Sasa hiyo oili inatoka wapi?"

Nilimcheka mpaka nikapaliwa na chai.

Nyie vijana mnaojifunza dizeli, swali la mke wangu lilikuwa swali la fundi. Mimi mwenye miaka thelathini na kitu kwenye kazi ndiye nilikuwa mjinga pale mezani. Oili haizaliwi. Ikipanda, ujue kuna kitu kinaingia humo, ama maji ama dizeli. Maji yataifanya iwe kama uji wa maziwa. Dizeli inaifanya iwe nyepesi na inanuka, na ukidondosha tone kwenye kipande cha gazeti, katikati panabaki weusi, kisha pembeni linatanda duara la mafuta kama jua lenye kivuli. Kipimo hicho hakihitaji chuo. Nilikijua. Sikukifanya, kwa sababu anayesifiwa hapimi.

Injini yenyewe ilikuwa ya lori la zamani, mitungi minne, imeng'olewa kwenye lori na kufungwa kwenye zege kuendesha mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Mwenye mashine ni jirani yangu Ma Stella. Kibanja chake, yaani shamba la nyumbani, na changu vinatenganishwa na mstari wa migomba tu, na akipiga chafya mimi nasema "pona". Mwendeshaji wake ni Kamala, kijana mzima mwenye mke na watoto wawili, mpole, mtu wa kuuliza. Kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi kwenye boti za uvuvi za kisiwa cha Bumbire. Ma Stella anaitegemea mashine hiyo, na Kamala naye anaitegemea kwa sababu hana kibanja. Kwetu mtu asiye na kibanja akipoteza kazi, amepoteza na ndizi za jioni.

Ilikuwa kipindi cha senene. Injini ilianza kugoma asubuhi, ikiwaka inatoa moshi na inagonga kama mtu anayetwanga kisamvu. Ma Stella akaja mpaka jikoni kwetu.

"Ta Koku, mashine yangu inaumwa."

"Nimeisikia tangu juzi," nikamwambia. "Ni nozeli. Zimezeeka."

Hapo nilikuwa sahihi, niandikieni hilo, maana ndilo la mwisho nililopatia.

Nozeli, kwa ambaye hajaishika, ni kile kipande cha chuma mwishoni mwa injekta, kirefu kama kidole, chenye matundu madogo ambayo jicho halioni bila mwanga. Ndani yake kuna sindano. Pampu inasukuma dizeli, sindano inanyanyuka, na dizeli inatoka kama ukungu ndani ya mtungi. Ukungu ukiwa mzuri, injini inafurahi. Kama inadondosha matone badala ya ukungu, injini inakohoa.

Sasa, kwa haki, ningepaswa kwenda Bukoba mwenyewe. Lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Sipendi kulala kwa watu, sipendi kula kwa watu, na siku ile mke wangu alikuwa ameinjika chungu cha senene walionona. Niende mjini, nirudi nikute mabawa? Nikachomoa nozeli moja, nikaifuta, nikaiweka kwenye kikopo cha dawa, nikampa kondakta wa gari la asubuhi aipeleke kwenye duka la spea. Nikampigia mwenye duka: "Nataka nne kama hiyo."

Mchana ikaingia meseji. Ilisema hivi: "150 zimeisha. Nimekuwekea 160. Angalia kwanza kama zinafaa injini yako kabla ya kufunga."

Nikajibu: "Poa."

Vijana, hiyo "poa" bado imo kwenye simu yangu. Nimeshindwa kuifuta. Kila nikiiona nashtuka upya, kana kwamba imeandikwa na mwizi aliyeiba simu yangu kwa dakika moja.

Jioni nozeli zikafika, zinang'aa, kila moja kwenye kiboksi chake. Nikaziweka mezani pamoja na ya zamani. Urefu sawa, shingo sawa, matundu sawa. Nikasoma namba iliyochongwa ubavuni baada ya herufi za kiwanda: ya zamani 150, mpya 160. Nikawaza: kumi tu! Kumi ni nini? Mkungu wenye ndizi mia na hamsini na wenye mia na sitini, nani atakataa wa pili? Mnajua sisi Wahaya tunavyotaniwa na majirani kwamba kila mmoja wetu ni msomi. Basi siku ile nilikuwa msomi kamili. Nikamfuata Ma Stella nikamwambia, "Nimekupatia namba kubwa zaidi ya ile ya kiwandani. Hii injini itasaga mpaka mawe."

"Asante waitu," akasema, akiniita kwa lile neno letu la heshima, na akaniletea jogoo.

Jogoo nilimla.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hamtaelewa mtu anawezaje kufunga nozeli maisha yake yote bila kujua namba hiyo inasema nini. Mimi mwenyewe ndilo lililonipiga bumbuwazi zaidi ya yote.

Nilijifunza kazi mjini Bukoba kwa Mzee Athumani. Babu yake alitoka pwani, mama yake wa hapahapa, na yeye alikuwa anaweza kukutukana kwa Kiswahili kitamu na Kihaya kichungu ndani ya sentensi moja. Alikuwa na kitabu cha namba za nozeli kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kimeloa oili mpaka kurasa zinapitisha mwanga. Gari likiingia, hakuangalia nozeli kwanza. Alienda kwenye injini, anasugua ubavu wake kwa kitambaa mpaka aione namba ya injini, anarudi kwenye kitabu, kidole kinashuka, kisha anapaza sauti: "Rafu ya pili, boksi la tatu!" Mimi nalileta, nafunga.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua wakati nozeli ya zamani ipo mkononi.

"Wewe unamjuaje aliyeifunga hiyo?" akasema. "Labda alikuwa mpumbavu kama wewe. Uliza injini. Nozeli ni kiatu tu, na kiatu kikubwa si cheo."

Nilicheka, nikaendelea kufunga. Mengine yake niliyashika. Nilishika kwamba sindano na nyumba yake vimesagwa pamoja, ukizichanganya za nozeli mbili hazielewani tena; nilishawahi kuzichanganya nne zote kwenye sufuria moja ya dizeli, na Mzee Athumani alinifanya nikae nazo siku nzima nikijaribu kuzifungisha ndoa. Nilishika kwamba wosha ya shaba chini ya injekta ni mpya kila mara, hata kama ya zamani inakutazama kwa huruma. Nilishika kwamba ncha ya nozeli haisuguliwi kwa brashi ya waya. Na nilishika kofi. Siku ya kwanza ananionyesha pampu ya mkono ya kupimia injekta, nilitaka kukinga ule ukungu kwa kiganja nione ulivyo laini. Alinipiga mkono ukaruka mpaka ukutani. "Huo ukungu unapita ngozi kama sindano ya daktari! Unaingia hausikii maumivu, baadaye wanakukata kidole!" Alishamwona mtu yamempata. Kama mtasahau yote ya makala hii, hilo la kiganja msisahau, na ikitokea, mkimbie hospitali hata kama kidonda ni kama cha kuumwa na mbu.

Lakini kitabu sikukifungua hata siku moja. Miaka yote ile nilikuwa nafunga nozeli zilizochaguliwa na mtu mwingine, na nikajidhania kwamba kuchagua ninakujua. Mzee Athumani alipofariki, watoto wake walinipa ile pampu ya kupimia. Kitabu hawakunipa, wala sikukiomba.

Turudi kwa Ma Stella. Nozeli mpya zilipofungwa injini iliwaka mara moja. Watu walipiga makofi. Ilikuwa na moshi kidogo, nikasema inajizoea. Baada ya wiki tatu Kamala akanifuata kibanjani.

"Mzee, oili imepanda."

"Umeongeza?"

"Sijaongeza hata kijiko. Na inanuka dizeli."

"Mashine ya dizeli inuke nini, marashi?" nikamwambia. "Injini nzuri haili oili, Kamala. Hii imeshiba."

"Nimwage kidogo basi? Boti yetu moja kule Bumbire iliwahi—"

"Boti! Umesoma wapi injini wewe, kwa samaki?"

Akacheka kwa adabu, akaondoka. Alirudi kuniuliza mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilikuwa na utani mpya.

Asubuhi moja ya masika nimekaa uani natafuna punje zangu za kahawa, nikasikia injini inapandisha sauti. Nikatabasamu. Nikamwambia mke wangu, "Umesikia nguvu hiyo?" Sauti ikapanda tena. Ikapanda tena, ikawa kilio, na mabati ya Ma Stella yakaanza kulia nayo. Nilijua kilichokuwa kinatokea kabla sijasimama. Injini imekimbia.

Injini ya dizeli ikijaa oili iliyochanganyika na dizeli, inaanza kunywa mvuke wa hiyo oili kupitia njia ya hewa. Hapo haihitaji tena dizeli yako. Unavuta waya wa kuzimia, nayo haina habari na wewe. Inakunywa tumbo lake yenyewe na kila ikinywa inaongeza mbio, mpaka iishiwe au ipasuke. Vyuma vyake vinaweza kutoka ubavuni kama risasi.

Nilikimbia na ndala moja. Nilipofika, moshi mweupe umejaza chumba, wanawake wanatoka na vikapu vya unga, mmoja amebeba mtoto na ungo pamoja, Ma Stella anaita jina la Mama Maria. Kamala yuko ndani amevuta waya wa kuzimia mpaka umekatika mkononi mwake. Na mimi, fundi mkuu, mwenye dawa ya jambo hilo kichwani tangu ujana, nilisimama mlangoni miguu imeota mizizi, napiga kelele: "Zima! Zima!" Kana kwamba alikuwa anaichezea.

Kamala alitoka akinipita kama upepo. Nyuma ya jengo kulikuwa na mgomba uliokatwa siku ile. Akachana kipande cha gogo lake, kinene, kinachuruzika maji, akarudi nacho ndani ya moshi, akaling'oa chujio la hewa kwa teke na kukibandika kile kipande kwenye mdomo wa bomba. Injini ikakinyonya kwa mlio ambao bado nausikia. Akaegemeza kifua. Ikapiga miguno mitatu, minne, ikafa.

Na zingatieni: alitumia gogo la mgomba. Angetumia kiganja, lile bomba lingekila.

Kamala alikaa chini mlangoni, uso mweusi kwa masizi, meno tu yanaonekana. Nilizungusha injini kwa mkono, haikukwama. Mungu mkubwa. Ndipo Ma Stella akachomoa kijiti cha oili yeye mwenyewe. Oili ilikuwa imepita alama kwa upana wa vidole vinne.

"Kamala," akasema, "umejaza oili kama mtu anayejaza pipa la mvua."

"Mama, sijaongeza."

"Imejiongeza yenyewe? Umeniulia mashine. Ungeua na watu."

"Mama, haki ya Mungu, muulize fundi. Nilimwambia."

Wote wakageuka. Nawaambia ukweli: nilijitetea kabla sijafikiri. Nikasema, "Aliniambia imepanda, ndiyo. Ila kwa nini ilipanda, tusubiri vipimo." Vipimo! Nilitamka hivyo nikiwa nimevaa ndala moja.

Ma Stella akamwambia Kamala, "Kama ni wewe, leo ndiyo mwisho. Chukua vitu vyako." Akanigeukia: "Pima, Ta Koku. Wewe ndiye unayejua."

Nilileta pampu ya Mzee Athumani. Naomba mnielewe vizuri hapa: niliileta kuthibitisha kwamba nozeli zangu ni safi. Niliamini kwa moyo wote. Nikafungua injekta moja yenye nozeli mpya, nikaifunga kwenye pampu, nikawaambia watu warudi nyuma, nikasimamisha kipande cha boksi mbele ya ncha kwa umbali wa unene wa penseli. Nikabonyeza mara moja. Ukungu ulitoka mzuri ajabu. Nikamtazama Ma Stella kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha, kwa mbwembwe tu, nikafunga nozeli ya zamani ya 150 na kufanya vilevile kwenye boksi jingine.

Kamala ndiye aliyeleta pistoni. Ilikuwa pistoni ya zamani ya injini ileile, inatumika kuzuia mlango. Juu ya kichwa cha pistoni kuna shimo kama bakuli, na dizeli inatakiwa kuangukia humo na kuungulia humo. Kamala akalikandamiza boksi la 150 juu yake mpaka ukingo wa bakuli ukajichora duara. Alama za dizeli, ingawa zilikuwa na matone ya uzee, zilikaa zote ndani ya bakuli. Akatoa, akaweka la 160. Alama zote zilikuwa nje. Zimeruka ukingo wa bakuli zote, zinaelekea kwenye ukuta wa mtungi, huko ambako dizeli haiungui bali inaosha oili ukutani na kuteremka nayo chini. Miezi minne, kila mzunguko.

Kumi tu. Ile namba ni upana wa mnyunyizo, pembe yake. Kumi ile ilikuwa imelifanya duara liwe kubwa kwa nusu nzima. Nilitazama lile boksi kama mtu anayeonyeshwa picha yake akiwa anaiba.

Kamala aliniangalia. Alikuwa ameelewa. Alishusha macho kwenye pistoni na kuanza kuifuta kwa shati lake, ambalo lilikuwa chafu kuliko pistoni.

Wengine hawakuelewa kitu. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo, jinsi lilivyokuwa jambo rahisi. Watu kumi na tano pale, na wawili tu tunaojua kusoma alama za dizeli kwenye boksi, na mmoja wetu hataaminiwa na mtu kwa sababu ndiye mshtakiwa. Ningeweza kusema, "Nozeli ni nzima, mmeona ukungu." Ingekuwa hata si uongo mkubwa. Ulimi wangu ulishaanza kujipanga, naujua ulimi wangu.

"Haya," Ma Stella akasema. "Hayo maduara yanasema nini?"

Nikatoa simu, nikatafuta ile meseji, nikampa aisome kwa sauti, kwa sababu mimi nisingeweza. Aliisoma taratibu mpaka kwenye "poa." Kisha nikasema, "Yanasema ni mimi. Kamala hakuongeza oili. Dizeli ndiyo iliyokuwa inateremka, kwa sababu nilifunga nozeli zisizo zake. Aliniambia mara tatu nikamtania mara tatu."

Mzee mmoja nyuma akaguna, "Yesu wangu." Kamala akaendelea kufuta pistoni, lakini mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Basi nyie mtakaofunga nozeli baada yangu, someni namba ya injini kwanza, mfungue kitabu kwa mikono yenu, na duka likiwaambia zimeisha, subirini au nendeni kwingine. Mtu anayewaambia "inapanda" mkiwa mnasifiwa, mwekeeni kiti akae.

Mkiulizwa nilistaafu lini, ni siku ile, mbele ya watu kumi na tano. Ma Stella alinirudishia simu yangu, akajifuta unga usoni, akasema hivi, neno kwa neno:

"Kamala, kesho njoo kazini. Ta Koku, umesema kweli, nakushukuru. Sasa nenda kwako ukapumzike, na injini yangu usiiguse tena."